Bodi Mbili za Bi Zohrabai

Barazani kwa Msellem, fundi redio wa Chake Chake, gahawa ya alasiri ilikuwa ishamiminwa, na rafiki zake wawili wamekaa. Mbele yake zimelala kompyuta mbili za miaka ya themanini, zile ambazo mashine yote imo ndani ya kibodi na kioo chake ni televisheni ya nyumbani. Moja ni ya Bi Zohrabai, mwenye duka la vitambaa, nayo imekufa. Marehemu mumewe, Walji, alimwachia kanda isiyosomwa ila na mashine ya aina hiyo, na hakuna ajuaye ina nini. Ya pili Msellem kaletewa kutoka Unguja, atoe chipu yake aihamishie kwenye ile iliyokufa. Kwa nje ni pacha. Alipozifungua, akakuta bodi za ndani, vile vibao vinavyobeba chipu, si za toleo moja. Pembeni mwa ile ya Bi Zohrabai pameandikwa 2, mwa nyengine 3B. Akikosea toleo, chipu itaungua, na nyengine haipatikani.

— Tatu B ni mwezi wa tatu, alisema Nyange, ambaye kwa kusikiliza redio za nje walimwita Satelaiti. B ni wiki ya pili.

— Na waya huu mwekundu je, yakhe? Msellem akauonyesha kwa bisibisi. Kwenye ya Unguja umevushwa juu kwa mkono. Kwenye ya Bi Zohrabai haumo.

— Kiwandani walikosea njia, wakarekebisha, alisema Ame. Huyu wakimwita Hakimu, maana hakuna ubishi asioutolea hukumu. Kwa hiyo tatu B ni mbili iliyotubu.

— Wallahi si hivyo! Satelaiti akabisha. B ni baridi. Imetengenezewa nchi za baridi. Waya ule wa kuipasha moto.

— Kuno kwetu itachemka basi, alisema Hakimu.

— Ichemke! Tena mie nakwambia, waya ule ni eriali. Watu wa ng'ambo wanatusikia hapa tunavyozungumza karafuu.

Hakimu akasogea mbali na bodi, akashusha sauti.

— Ndio maana bei haipandi.

Msellem hakucheka. Alikuwa akimfikiria yule mjane, ambaye kila akipita haulizi kama kazi ishakwisha. Husalimia tu, akaitupia meza jicho, akenda zake.

Na ndiye huyo anakuja, kanda mkononi.

— Asalaam alaykum.

— Waalaykum salaam, Bi Zohrabai. Karibu.

Msellem akamweleza yote: mbili, tatu B, waya, hatari ya kuunguza. Alisikiliza mpaka mwisho.

— Na hii ya Unguja, fundi, yenyewe haiwaki?

Satelaiti akamtazama Hakimu. Hakimu akautazama waya.

— Aliyeileta alisema ni ya vipuri, Msellem alijibu. Sijaijaribu.

Akaifunga, akaiunga na televisheni, akachomeka umeme. Televisheni ikapiga weupe, na alama ndogo ikawa inapepesa pembeni. Akaunga redio kaseti, akatia kanda. Ikalia mlio mkali, mrefu, kisha yakajitokeza maandishi makubwa:

ZOHRA, FUNGA DUKA. CHAI INAPOA.

Bi Zohrabai aliyasoma kwa midomo bila sauti. Akavuta kigoda, akakaa karibu na kioo, akawapa mgongo.

Satelaiti akafungua mdomo. Hakimu akamshika goti. Msellem akaiacha mashine iwake, hata Bi Zohrabai aliponyanyuka.