Programu Mbili, Mlango Mmoja

Benchi letu limeegemea ukuta wa nyumba ya Solfa, chini kabisa ya dirisha lake. Pana kivuli mpaka saa saba, pana birika la kahawa, na nipo mimi na sanduku langu la kushonea viatu. Wenzangu ni wawili. Kuna Bomba, fundi wa mabomba ya maji, ambaye hajawahi kuona tatizo lisilohitaji koki. Kuna Hakimu, ambaye kwa miaka thelathini alikuwa karani wa mahakama, kazi yake kuita majina ya mashahidi mlangoni. Amestaafu, na tangu siku hiyo anahukumu. Mimi sina cha ajabu, ila mdomo ninao, na siku ile ningeufunga ingekuwa nafuu.

Solfa mwenyewe si wa benchi. Ni mwalimu wa kwaya shule ya msingi, mtu wa adabu zake. Asubuhi ile alitoa kichwa dirishani, shikamoo yenyewe kaitoa nusu, akasema amekwama. Mtu anayekuja kuomba msaada kwetu ujue kweli amebanwa.

Shangazi yake alikuwa ndani, mbele ya kinanda, amevaa nguo za safari. Saa sita mkwewe angekuja na gari kumchukua, akaishi kwa binti yake, mwendo wa siku mbili. Huyu shangazi anajua wimbo mmoja ambao hapa duniani hakuna mwingine anayeujua. Marehemu mume wake alimtungia wakiwa wachumba, akamfundisha kuupiga, hakuuandika popote. Na siku hizi shangazi anasahau. Anamwita Solfa kwa jina la kaka yake aliyekufa zamani. Vidole bado vinakumbuka, lakini daktari ameshasema navyo vitafuata. Kwa hiyo wimbo uandikwe leo kabla ya saa sita, la sivyo basi tena.

Shida yenyewe ilikuwa hii. Kinanda cha Solfa ni bubu. Hakitoi sauti chenyewe. Kila kitufe kikibonyezwa, habari zake zinakwenda kwenye kompyuta kwa waya mmoja, zinaingilia kwenye kitu anachokiita mlango wa midi. Ndani ya kompyuta kuna programu mbili. Moja inazipokea habari hizo na kuzigeuza sauti. Nyingine inazipokea na kuziandika nota kwenye ukurasa. Sasa ile kompyuta ni ya zamani, na mlango inauachia programu moja tu, iliyowahi. Ya pili ikibisha hodi inaandikiwa: mlango unatumika. Akifungua ya sauti, shangazi anapiga vizuri na ukurasa unabaki mweupe. Akifungua ya kuandika, kinanda kinanyamaza, na shangazi anaondoa mikono, anasema chombo kimekufa.

— Hilo ni bomba moja linalogombewa na nyumba mbili, akasema Bomba. Weka tangi katikati. Kinanda kimwage kwenye tangi, tangi litoe mabomba mawili.

Tulicheka mpaka kahawa ikanimwagikia gotini. Solfa akamweleza kwa upole kwamba habari za vitufe si maji. Bomba akataka kujua kama kuna mtu amewahi kuzishika akaona ni kavu.

Mimi nikasema achukue simu, amrekodi bibi wa watu, nota ataziandika baadaye kwa raha zake. Hakimu akanitazama kama shahidi aliyekuja amelewa.

— Tusichanganye mashauri, akasema. Lililoletwa hapa ni la mlango.

Nami, Mungu anisamehe, nikanyamaza. Shauri la mlango lilikuwa limeshanoga.

Hakimu akaamuru kompyuta iwekwe juu ya kizingiti cha dirisha, itutazame, spika zibaki ndani. Bomba akapewa kuitetea programu ya sauti, mimi nikapewa ya kuandika. Nilidai mteja wangu ananyimwa haki yake mchana kweupe na mtu asiyejua hata kusoma. Bomba akajibu kwamba wake amefika tangu saa mbili, na aliyewahi kiti hasimamishwi. Huko ndani shangazi alikuwa ameanza kupiga, kwa kuwa ya sauti ndiyo iliyokuwa wazi. Hakimu akawa hasikii hoja, akaomba aambiwe apunguze kidogo. Solfa akamwambia, na shangazi akapunguza.

Hukumu ya kwanza ilikuwa ya zamu. Kila programu ipewe mlango kwa mstari mmoja, kisha impishe mwenzake. Solfa akahangaika kufungua na kufunga mpaka jasho likamtiririka, na kila alipomaliza kufungua shangazi alikuwa ameshapita mistari mitatu mbele. Bibi akaupiga wimbo wote hivyo, sauti ikiingia na kukatika. Kwenye ukurasa ziliangukia nota mbili, tena zote za kosa alilofanya aliposhtuka.

Bomba akakata rufaa. Hukumu ya pili ikasema programu zote mbili zifunguliwe kwa pamoja, kwa vidole viwili, ili asiwepo wa kudai amewahi. Hakimu akahesabu moja, mbili, tatu. Kompyuta ikaganda robo saa nzima. Hakimu akasema hiyo si kuganda, inatafakari hukumu.

Ilipozinduka ilirudi na sauti peke yake. Shangazi akapiga tena, mara ya tatu hiyo, nasi tukarudisha dirisha nusu, mpaka lilipogusa kompyuta, ili tuelewane, kwa sababu Bomba alikuwa anapendekeza atafutwe shangazi wa pili apige kinanda cha pili kwa wakati uleule. Nilimuuliza huyo wa pili ataujulia wapi wimbo. Akasema watakaa karibu karibu. Hakimu hakuliona tatizo. Yeye alitaka kwanza mlango wenyewe uhojiwe, maana tangu asubuhi tunausema na wenyewe haujafungua kinywa. Akasimama, akakohoa, akaita kama alivyoita miaka thelathini:

— Mlango wa midi. Mlango wa midi. Mlango wa midi.

Tukasubiri, huku ndani shangazi akiuanza wimbo mara ya nne. Mlango haukujitokeza. Hakimu akaamua shauri liendelee bila wenyewe kuwapo.

Gari likapiga honi. Solfa akakimbilia ndani, tukasikia anabembeleza. Shangazi akatoka taratibu, mkoba kwapani, akatusalimia mmoja mmoja kwa majina ambayo si yetu, nasi tukaitikia.

— Nimeupiga mara nne, mwanangu, akamwambia Solfa. Hata mikono sasa imechoka.

— Dakika tano tu, shangazi. Tunakaribia kabisa.

Mkwewe akasema giza litawakuta kabla ya kufika pa kulala. Akamfungia mlango wa gari, wakaenda.

Mtu mwingine angelia. Solfa yeye alirudi moja kwa moja kwenye kompyuta, macho makavu, akampigia simu rafiki yake anayetengeneza kompyuta za kituo cha redio. Huyo akacheka sana. Akamwambia ipo programu ndogo ya kutengeneza mlango wa kubuni: kinanda kinaingiza habari pale, na pale zinagawiwa kwa programu yoyote inayotaka, hata ziwe kumi.

— Tangi, akasema Bomba, na akavua kofia.

Kazi ilichukua dakika nne. Solfa akabonyeza kitufe kimoja. Sauti ikatoka na nota ikajiandika, vyote pamoja. Jamani, tulikumbatiana. Hakimu akatangaza hukumu yake imetekelezwa. Bomba akadai aombwe radhi kwa maandishi. Mimi nikamimina kahawa ya wote na kusema mambo mengi kuhusu akili ya benchi hili.

Hapo ndipo akafika mteja wangu, mama mmoja muuguzi, kiatu na kisigino chake kilichong'oka mkononi. Akatuamkia, akakaa ukingoni mwa benchi na mguu mmoja mtupu, akauliza sherehe ni ya nini. Tukamsimulia yote, tukinyang'anyana maneno: programu, mlango, tangi, na wimbo ambao hakuna mwingine anayeujua. Alisikiliza mpaka mwisho bila kutukata, kama wauguzi wanavyowasikiliza wagonjwa.

— Hongereni, akasema. Unakwendaje huo wimbo?

Solfa akaweka mikono kwenye kinanda. Ikakaa hapohapo. Hakimu akaanza kuguna kitu, kikageuka kuwa wimbo wa gwaride, akaacha. Bomba akapiga mluzi nota tatu, akasema ya nne inapanda. Nikamwambia inashuka. Ukweli ni kwamba sijui. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwa yule bibi asubuhi nzima, na nilichosikia ni mimi.

— Ameupiga mara nne, akasema Solfa, pole pole.

— Ndiyo, akasema muuguzi. Unakwendaje?

Nikachukua kile kiatu chake nikaanza kukigonga misumari.