Mgeni Mwenye Sukari

Katika tuktuk ya kwenda Kondele, Nangila alikaa katikati ya abiria wawili waliobishana kana kwamba hayupo.

"Hiyo filamu ya watoto kuuzwa imetutia hofu bure," mzee alisema, kama mtu aliyezoea kukubaliwa. "Wajukuu wangu sasa wanakimbia kila gari nyeusi."

"Mzee, shida si gari," abiria wa pili, mama mmoja, akajibu. "Mwenye kuchukua mtoto anakuja kwako na sukari, mnaomba pamoja, na nguo za mtoto unazifunga wewe mwenyewe."

"Huyo ni mgeni, mama, si mwizi!"

Nangila aliibana simu mkononi. Mama wa kanisani aliyemchukua Naswa, mtoto wa Nangila, akamsomeshe Nairobi, naye alikuja na sukari. Tangu Pasaka simu ya mama huyo haipatikani.

Tuktuk ikasimama. Mzee akamgeukia. "Wewe uliiona hiyo filamu? Si ni uongo?"

"Ni uongo, Mzee," Nangila akasema, akapiga tena namba ya yule mama.