Mguu Ambao Kanyaga Hakutaka Kuuacha

Wasikilizaji wapendwa, tulizeni sufuria huko jikoni. Leo tunamkumbuka fundi cherehani tuliyemwita Kanyaga. Jina alilipata kwa miguu yake. Akishika kasi kwenye pedeli, upepo wa gurudumu ulikausha nguo zilizoanikwa nyumba ya tatu. Shati langu lilikauka hivyo. Anayebisha abishane na shati.

Kanyaga alikuwa mtu wa masihara. Masihara hayo ndiyo yametutoa machozi.

Asubuhi moja, akishona suruali ya bwana harusi, mguu wake wa kulia ulikufa ganzi kwenye pedeli. Ukapauka, ukawa baridi, maumivu yakamtoa jasho. Mkewe akamkimbiza hospitali. Daktari akasema damu imeganda na kuziba mshipa wa mguu, tena chini mno, kisu hakifiki. Ipo dawa ya kuiyeyusha, hupitishwa kwa mrija mwembamba ndani ya mshipa. Lakini aliyeumia kichwa karibuni hapewi, maana anaweza kuvuja damu ubongoni. Huyo hukatwa mguu.

"Mzee, umeanguka siku hizi?"

"Daktari, mara ya mwisho nilikuwa najifunza kutembea."

Wauguzi wakacheka. Mkewe alikuwa ametoka kutafuta blanketi. Ni yeye tu aliyejua kwamba wiki iliyopita mumewe aliteleza bafuni, kichwa kikagonga sinki.

Dawa ikaingia. Jioni mguu ukapata joto. Nasema tena, wapendwa: mguu ulipona.

Mkewe anasimulia: "Alinichezeshea vidole. Akasema, 'Mama watoto, kamwambie bwana harusi suruali yake ipo njiani.' Nikamwambia, 'Tulia wewe, utachomoa mrija.' Halafu nikamuuliza, 'Ile sinki uliwaambia?' Akafumba macho, eti amelala. Nikamfinya. Nikamfinya tena. Ndipo nikaita muuguzi."

Dawa ilisimamishwa pale pale. Damu ilikuwa imeshavuja kichwani. Kanyaga hakuamka.

Mama watoto, na ninyi wanawe, tunawapa pole. Mola awape subira. Nasi tuliobaki tujiulize: mguu ukipoa ghafla, tunakimbilia hospitali, au tunaukanda tukingoja kesho? Na daktari akiuliza, tunamjibu ukweli, au tunamchekesha?

Nilipokwenda msibani, jirani mmoja alikuwa akimfariji mjane: angalau fundi amezikwa na miguu yake yote miwili.

Mjane akamtazama. "Mimi ningempokea na mmoja," akasema.