Milima ya Ng'ambo Baada ya Mvua

Mvua ilikuwa imekatika, na boti ya abiria kutoka Kagunga ilipokaribia Kigoma, milima ya Kongo ilisimama ng'ambo ya ziwa, ya kijani, karibu mno. Dainess, nesi mgeni kutoka Moshi, aliketi kati ya watu wawili wasiojuana: Yunisi, muuza mawese aliyeikimbia vita ya huko miaka mitatu nyuma, na mwalimu Alphonce, ambaye hakusubiri kuulizwa ndipo afundishe.

"Milima haijasogea, mama," mwalimu alimwambia Yunisi. "Kiangazi kizima hewa ilijaa vumbi na moshi wa mashamba. Mvua imeviosha vyote. Umbali ni ule ule."

"Umbali huo naujua, mwalimu. Nimeupiga kasia." Yunisi alicheka kidogo. "Siku ile Tanzania ilionekana karibu hivihivi. Tukasema jioni tutakula ugali huku. Tulifika siku ya tatu. Mama yangu aligoma kupanda mtumbwi, akabaki kule. Alisema macho yanatudanganya."

"Mama yako alijua sayansi," alisema mwalimu. Dainess alitamani kumfinya.

"Nijibu moja," Yunisi alimwambia mwalimu. "Hewa ikioshwa hivi, na wa kule wanatuona?"

"Vilevile. Mwanga hauchagui upande."

"Mvua ikikatika, mama huanika dagaa mchangani," alisema Yunisi taratibu. "Basi sasa hivi yuko nje."

Mwalimu alifungua mdomo kusahihisha. Boti ikagonga mchanga wa Kibirizi, ufukwe wa Kigoma, akashika ukingo asianguke. Yunisi alikuwa ameshasimama, ameielekea milima, anafunga kilemba chake upya, vizuri, kama binti anayetazamwa na mama yake.