Shangazi Nionyeshe na Alama ya Chaki

Marehemu hakuuamini wasifu wa mtu yeyote. Kwenye misiba ya wengine alizoea kumnong'oneza aliyekaa naye, "Huyu anayesomwa ni nani? Au tumekosea msiba?" Alipoona siku zake zinahesabika, alimwita mtoto wa kaka yake, ndiye anayesoma hapa, akamwonya: "Wangu uandike wewe. Na usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa."

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, binti pekee wa mchonga mawe na mkunga. Kadi ya kliniki inasema tarehe 3, lakini yeye alishikilia kuwa aliyeijaza alikuwa anasinzia. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1959 hadi 1966, kisha akajifunza uuguzi. Mwalimu wa hesabu alilalamika kwamba binti huyu anarudia kukokotoa kila jibu la ubaoni, "kana kwamba mimi mwizi."

Mwaka 1974 alichumbiwa na fundi cherehani. Kabla ya kutoa jibu alikwenda kwao kusalimia, akaomba maji, akauliza yamechemshwa lini, akafunua mtungi akachungulia. Mama wa fundi akasema, "Huyu amekuja kuolewa au kupekua?" Walioana tarehe 12 Oktoba mwaka huohuo, wakajaliwa mabinti wawili. Fundi alitangulia mwaka 2011.

Kuanzia 1971 hadi 2009 alikuwa mhudumu wa zahanati ya mtaa, kazi yake kupita nyumba kwa nyumba: chanjo, vyoo, maji ya kunywa. Watu hawakumwamini. "Dawa ya kichwa tunanunua, haya matone tunaletewa mlangoni bure! Yana nini ndani?" Naye hakuwaamini wao, basi wakawa ngoma droo.

Jumamosi tarehe 17 Agosti 1996 ilikuwa siku ya matone ya polio. Nyumba iliyomalizwa ilichorwa mlangoni duara lenye mkia, kwa chaki. Alipofika kwa kaka yake alikuta duara limeshachorwa, ila mkia umepinda upande usio wake wala wa mwenzake wa zamu. Alisimama. Moyo ulimwambia agonge. Lakini yeye na wifi yake walikuwa hawajasalimiana mwezi mzima, na aliogopa ugomvi, akapita. Mwezi Novemba mtoto wa nyumba ile, wa miaka miwili, alipata homa, na mguu wake wa kushoto ukapooza. Mtoto huyo ndiye msomaji wenu, na gongo lake mnaliona.

Tangu hapo neno la mtu halikumtosha, wala chaki. Ukimwambia mtoto kachanjwa, "Nionyeshe." Ukimwambia maji yamechemka, "Nionyeshe," mpaka mtaa ukampa jina hilo. Aligusa sabuni za chooni kuona kama zimelowa. Wanawake wakaanza kuzimwagia maji wakimwona anakata kona. Alipong'amua, akaanza kutokea kona nyingine. Kipindupindu cha 2002 kilizika watu kumi na mmoja mtaa wa jirani, mtaa wake hakikuzika mtu. Walisema ni bahati tu.

Yeye na wifi yake waliendelea kutazamana kwa jicho la pembe.

Mwishoni mwa 2021 alianza kuvimba miguu. Daktari alisema ni moyo. "Nionyeshe." Akaonyeshwa picha, akaiangalia weee, akasema, "Hii inaweza kuwa ya mtu mwingine." Dawa alikunywa, baada ya kuhakiki tarehe kwenye kila paketi.

Jumapili tarehe 4 Juni 2023 wifi yake aliingia wodini alikolazwa marehemu, amembeba mjukuu, binti wa msomaji, wa miezi mitano.

"Wifi, chanjo zake zote kapata. Nimempeleka mwenyewe."

"Nionyeshe."

Marehemu alikagua kadi, muhuri mmoja mmoja. Kisha akapandisha mkono wa gauni la mtoto, akapapasa kovu la sindano. Wifi yake akaangua kilio.

"Chaki ile niliichora mimi, ili usigonge."

"Najua."

"Miaka yote hiyo! Mbona hukuniuliza?"

"Ningekuuliza, ungeniambia. Halafu ungeniuliza kama niliiona." Akavuta pumzi. "Niliiona, wifi. Nikapita."

Msomaji alikuwa pale kwenye benchi. Alikasirika sana, akatoka bila kuaga. Kesho yake alirudi.

"Utaandika?" marehemu aliuliza.

"Nimeshaandika."

"Nionyeshe."

Alisoma daftari lote. Palipoandikwa kwamba siku ile "alichoka", alifuta, akaandika "aliogopa". Alifariki siku iliyofuata, Jumanne tarehe 6, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa umeshikwa na wifi yake.

Ameacha mabinti wawili, wakwe wawili, wajukuu watano, kaka yake, wifi yake, mtoto wa kaka yake na yule mchanga aliyekaguliwa.

Msomaji amewasamehe wote wawili, shangazi yake na mama yake. Anajua marehemu angejibu nini. Kwa hiyo gongo linabaki hapa kwenye kiti, na mama yake ndiye atakayemshika mkono hadi kaburini.

Pumzika kwa amani, Shangazi. Umeonyeshwa.