Aliyebana Pumzi Mbele ya Kipimajoto

Jambo la kwanza ambalo mjukuu wake, anayeusoma wasifu huu, aliliona kwa marehemu ni jinsi alivyobana pumzi. Kila alipofungua kibanda cheupe cha vipimo kilichoko uani kwenye kituo cha hali ya hewa, hakupumua mpaka amalize kusoma kipimajoto.

"Pumzi ya mtu ni joto, mama," alimwambia mjukuu. "Ukikipumulia, kitakudanganya."

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1947, kitindamimba wa fundi saa. Alimaliza sekondari mwaka 1965, akaajiriwa kituoni mwaka uliofuata. Alistaafu mwaka 2007, lakini kibanda hakikumstaafisha. Alikuwa akipita kila asubuhi kukijulia hali.

Alifunga ndoa tarehe 14 Juni 1972. Alipoulizwa kama amekubali, akabana pumzi kama yuko kazini. Bibi harusi akamnong'oneza, "Pumua basi, mimi si kipimajoto."

Viangazi vya 1973 na 1998 havikumtoka kichwani. Wengine walisimulia mchana wake, lami ikinata viatuni. Yeye alisimulia usiku. Katika viangazi vyote viwili, kumbukumbu za kituo zilionyesha joto likigoma kushuka hata alfajiri, na ndipo wazee walioishi peke yao walipoanza kukutwa wamekufa vitandani, madirisha yamefungwa.

Mwezi huu usiku umegoma tena kupoa. Moyo wake ulikuwa ukimsumbua tangu 2019, na daktari alimkataza kutembea juani. Alitembea. Alibisha mlango mmoja baada ya mwingine, akiwafungulia wazee madirisha na kuwajazia maji.

"We mzee, na wewe ni mzee vilevile," mkewe alimfokea.

"Ndiyo maana wananifungulia."

Alianguka tarehe 22 Januari kabla ya kufika nyumba za mwisho za mtaa. Alfajiri ya tarehe 24, hospitalini, alimuuliza binti yake mkubwa, ambaye ndiye mpimaji wa kituo sasa, "Limeshuka?"

"Bado, baba."

Akafumba macho, asiyafumbue tena.

Ameacha mjane, mabinti wawili na wajukuu watano. Familia inawaomba waombolezaji, wakitoka hapa makaburini, wasiende kwao kabla ya kubisha ile milango iliyobaki.

Lala salama, babu, mwendo umeumaliza. Kesho alfajiri binti yako atafungua kibanda na kubana pumzi, na mtaa mzima utabana pamoja naye, ukiusubiri usiku wa kwanza utakaopoa.