Dakika Ishirini na Mbili za Mzee Muhidin

Mheshimiwa mgeni rasmi. Wazee wetu, shikamooni. Mzee Muhidin na familia yako. Nanyi ndugu zangu mliotoka Buhongwa na Kiseke kuja kutuunga mkono, habari za mchana.

Mimi Prudencia Byabato, katibu wa chama chetu cha wapenda filamu, nimeombwa nimuage mtu aliyeendesha mashine ya sinema pale Mirongo, kisha akatunza filamu zetu hadi leo anapostaafu. Niliandaa maneno matamu. Nimeyaacha nyumbani, kwa sababu nimechoka.

Ile filamu ya wachuuzi wa samaki iliyopigwa hapa ziwani mwaka sabini na nane, mnaijua? Hamuijui. Mnaijua ya kanda ya video, mliyotazama sebuleni. Ile ya sinema ilikuwa na dakika ishirini na mbili zaidi. Waliotengeneza kanda walizikata, wala hawakumwambia mtu.

Ndani ya dakika hizo alikuwamo Bi Kokulinda, huyu hapa mbele, mchuuzi wa kweli, akimfokea tajiri wa mitumbwi pale mwaloni, samaki wanaposhushwa. Aliwasimulia wajukuu, wakaangalia kanda, hayumo. Kwa miaka thelathini akaitwa mwongo nyumbani kwake, kwa utani, lakini utani wa kila Krismasi mwisho huuma. Akaacha kusimulia.

Mzee Muhidin aliikumbuka sura yake. Akawaandikia wasambazaji. Wakamjibu nini? “Hakuna toleo jingine.” Wanamwambia mtu aliyeupitisha mkanda huo mikononi mwake! Akaandika tena na tena, akapekua stoo moja baada ya nyingine, hadi mwaka jana akaupata kwenye mkebe wenye kutu.

Tulipouonyesha, Bi Kokulinda akatokea ukutani. Mjukuu wake Nestory, mtu mzima mwenye watoto, akasimama analia: “Bibi, nisamehe.”

“Kaa chini,” akajibiwa, “unanizibia.”

Chekeni, chekeni. Lakini Mheshimiwa, kwenye boksi la zawadi lililo mbele yako, kamati yetu imeweka diski ya filamu hiyo hiyo. Nimeijaribu asubuhi. Ni ile iliyokatwa! Jamani, hata sisi? Tumkabidhi mzee huyu kosa alilopigana nalo nusu ya maisha yake? Naomba uitoe, watu wote wakiona.

Asante, Mheshimiwa. Iweke hapo mezani.

Na wewe Mzee Muhidin, usitabasamu hivyo. Najua ungeipokea kwa mikono miwili na kushukuru. Ndiyo maana nimesema mimi. Kapumzike, baba. Nanyi nyote, asanteni kwa kunivumilia.